Kwa nini watu wa Kansas waliuana kwa ajili ya vitabu vya karani

Swali la msomaji: "Nimesoma kwamba mwaka 1889 mtu alipigwa risasi akafa mjini Cimarron, jimbo la Kansas, Marekani, siku watu wa mji jirani walipokuja kuchukua vitabu vya ofisi ya kaunti. Sielewi. Vitabu tu? Na nchi yenye kura na mahakama ilifikaje mahali pa kuamua makao makuu ya kaunti kwa bunduki? Halafu mji ulioshindwa ulikwenda wapi?"

Ni kweli, na marehemu anajulikana kwa jina: J. W. English, mkazi wa Cimarron. Hilo neno lako "tu" ndilo nitakalohangaika nalo zaidi, maana ukilielewa yale mengine yanajieleza yenyewe.

Siku ilikuwa Jumamosi, tarehe 12 Januari 1889, kabla ya adhuhuri. Gari la kukokotwa na farasi lilisimama mbele ya jengo ambalo kaunti ya Gray ililitumia kama ofisi zake. Lilitoka Ingalls, mji uliokuwa ukigombania makao makuu na Cimarron, ulio maili 6 hivi upande wa magharibi, kwenye reli ile ile inayopita Cimarron. Ndani yake kulikuwa na wanaume wa kukodiwa kutoka Dodge City, mji mwingine wa Kansas, na si watu wa mtaani. Alikuwemo Jim Masterson, ndugu wa Bat Masterson, mlinzi wa sheria maarufu wa Dodge City. Walikuwemo pia Bill Tilghman, Fred Singer na Neal Brown, wote watu waliowahi kulinda sheria Dodge City na wanaojua kushika bunduki. Pamoja nao alikuwepo Newt Watson, karani mpya wa kaunti, mtu wa upande wa Ingalls. Kwa maelezo yao hawakwenda kuiba chochote. Karani alikwenda kuchukua vitabu vya ofisi yake, basi.

Walipanda ghorofani wakaanza kushusha madaftari makubwa ya ngozi na kuyapakia. Wenyeji wakagutuka. Ndani ya dakika chache kila mwenye bunduki Cimarron alikuwa barabarani, risasi zikaanza kuruka. English akaanguka, wengine wakajeruhiwa. Gari likatimuliwa mbio kuelekea Ingalls na sehemu ya vitabu, likawaacha wanaume wanne juu: Masterson, Singer, Watson na mwenzao Billy Allensworth. Watu wa Cimarron wakaingia chumba cha chini wakawa wanafyatua risasi kupitia dari, ili ziwapate walioko juu. Inasemekana wale wanne waliponea juu ya kasiki la chuma, kitu pekee mle chumbani ambacho risasi haikuweza kukipenya kutoka chini. Walizingirwa saa kadhaa ndipo wakajisalimisha. Walipofikishwa mahakamani baadaye, waliachiwa.

(Kuna simulizi kwamba Bat Masterson alituma simu ya maandishi akitishia kuja na treni nzima ya watu wenye silaha wasipoachiwa. Mimi siitegemei sana. Hadithi yoyote iliyopita karibu na Dodge City lazima imtafutie Masterson nafasi.)

Sasa turudi kwenye vitabu.

Kaunti changa ya magharibi ya Kansas miaka ile haikuwa na jengo lake. Ofisi zilikuwa vyumba vya kupanga juu ya duka. Ukitaka kuishika kaunti kwa mikono yako, ungeshika nini? Rejista ya hati za ardhi. Ukinunua kiwanja kisha hati yako isiandikishwe humo, mtu mwingine akikinunua baada yako kwa nia njema na akawahi kuandikisha, ni wewe utakayepata shida. Rehani zote zilikuwa humo, na kule karibu kila shamba lilikuwa na rehani. Kulikuwa na orodha ya walipa kodi, kumbukumbu za vikao vya makamishna wa kaunti, majalada ya kesi na matokeo ya kura zilizopita. Maofisa walitakiwa kukaa mahali vilipo vitabu, na wananchi iliwabidi kuwafuata maofisa. Kwa hiyo vitabu vikihama usiku, kukikucha makao makuu yamehama, hata kama mbao za jengo ziko pale pale. Aliyepokonywa angeweza kwenda mahakamani, lakini kesi ilichukua miezi, na mwenye vitabu aliendelea kupokea wateja. Huo ndio ulikuwa ujanja wenyewe: kumfanya mwenzako awe mlalamikaji.

Kwa nini basi makao makuu yawe na thamani ya roho ya mtu? Hapa inabidi uione nchi ilivyo. Magharibi ya Kansas ni tambarare ya nyasi isiyo na mlima wala bandari, na mito yake ni ya kuhesabu. Sehemu nyingi bandari hutangulia ndipo mji ukafuata, au kuna madini, au kivuko. Kule hakuna sababu ya asili ya mji kuwa hapa badala ya maili 8 kule. Zilibaki sababu mbili tu zinazoweza kutengenezwa na binadamu, reli na makao makuu ya kaunti. Reli iliamuliwa na wakubwa wa mbali. Makao makuu yaliamuliwa na kura, na kura inanunulika.

Mtindo ulikuwa huu. Watu wachache wanaunda kampuni ya mji, wanapata kipande cha ardhi kwa bei ya malisho, wanakipima viwanja, wanachora ramani yenye barabara pana, wanaanzisha gazeti kabla hata kisima hakijakamilika, kisha wanauza. Bei ya kiwanja hicho haikutokana na udongo. Ilitokana na matumaini kwamba jengo la mahakama litasimama jirani. Likija, wanakuja mawakili, wanakuja wenye kesi na mashahidi wanaohitaji chakula na kitanda, gazeti linapata kazi ya kuchapa matangazo ya serikali ya kaunti, benki inapata amana. Lisipokuja, mnunuzi amebaki na mraba wa nyasi wenye namba. Kati ya 1885 na 1887 walowezi walimiminika kuchukua zile ekari 160 za sheria ya mwaka 1862 iliyowapa walowezi ardhi ya serikali wailime, na kaunti zikaundwa mfululizo. Kansas ilifikisha kaunti 105, na ya mwisho kuundwa rasmi, Greeley, ilikamilika mwaka 1888. Vita vingi vya makao makuu vilipiganwa katika dirisha hilo dogo, na kila mmoja alijua kwamba atakayechelewa amekula hasara ya maisha.

Ulitaja kura na mahakama. Kura ilikuwepo, na ndiyo iliyokuwa uwanja wa vita.

Utaratibu ulianza kwa ombi kwa gavana: wakazi wanathibitisha kwa sensa kwamba idadi inayotakiwa na sheria imefika, gavana anaitangaza kaunti, anateua makamishna wa muda na makao makuu ya muda. Kisha unafanyika uchaguzi wa makao ya kudumu, na wanaozihesabu kura ni makamishna. Sasa tazama. Anayewahi kumfikia gavana ndiye anayepata makamishna, na mwenye makamishna ndiye mhesabu kura. Mchezo ulianza zamani. Mwaka 1873 kaunti ya Harper iliundwa kwa majina yaliyonakiliwa kutoka kitabu cha anwani cha mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio, wakati kwenyewe hakukuwa na watu wa kutajika. Lengo la wale lilikuwa hatifungani: kaunti ikishatambuliwa inaruhusiwa kukopa, na deni linawasubiri watu watakaokuja kuhamia.

Kaunti ya Gray nayo ilikuwa na vituko vyake. Ingalls ilikuwa mradi wa Asa T. Soule, tajiri wa Rochester, New York, aliyetajirika kwa kuuza dawa ya chupa iitwayo Hop Bitters, iliyodaiwa kutibu karibu kila kitu. Alichimba mfereji mrefu wa kumwagilia kutoka mto Arkansas, akaujenga mji, akautaka uwe makao makuu. Mji wa tatu, Montezuma, nao ulikuwa unawania. Soule akauahidi reli, na reli akaijenga kweli, ili kura zake zihamie Ingalls. Upande wa Cimarron hawakuwa malaika. Kikundi cha wapiga kura zaidi ya 70 kilijiunga kwa kiapo, kikajiita chama cha kusawazisha mambo, kikaahidi kupiga kura kama mtu mmoja kwa upande utakaotoa dola 10,000. Cimarron ikawapa hati ya ahadi ya malipo. Walipokwenda kudai baada ya kura, wakaambiwa saini zile ni za kughushi. Mambo haya yalikuja kujulikana kwa sababu yalifikishwa mahakamani. Nikiri kwamba kila nikikumbuka wale watu wakiwa wameshika ile hati mkononi, huwa nashindwa kuwaonea huruma.

Kaunti ya Grant ilifanya waziwazi zaidi. Mji wa Ulysses, ulipopambana na Appomattox mwaka 1888, uliwaweka wapiga kura wa kukodi, ukawalisha na kuwalaza hadi watimize siku za ukazi zinazotakiwa na sheria, na walipopiga kura wakalipwa dola 10 kila mmoja. Fedha zilitoka kwenye hatifungani za mji. Kumbuka deni hilo, tutalirudia.

Lakini kama unataka kuona jambo hili lilifika wapi, usiishie Cimarron. Nenda kusini magharibi zaidi, kaunti ya Stevens, inayopakana na mstari wa kusini wa jimbo. Hugoton, mji uliopewa jina kwa heshima ya mwandishi wa Kifaransa Victor Hugo, uliwahi kwa gavana John A. Martin mwaka 1886 ukapata makao ya muda. Muda si mrefu akaja Samuel N. Wood, akaanzisha Woodsdale kaskazini mashariki yake. Wood hakuwa dalali wa kawaida. Miaka ya 1850 alikuwa mstari wa mbele wa wapinga utumwa Kansas, na mwaka 1867 alipigania haki ya wanawake kupiga kura. Alikuwa mwanasheria, mbunge na mtu wa magazeti, na alijua kusoma karatasi ya serikali na kuona palipofinywa. Akasema sensa ya Stevens ni ya uongo, kaunti haina watu iliodai kuwa nao, na akaondoka na mshirika wake I. C. Price kwenda kulipinga jambo hilo mbele ya sheria. Watu wa Hugoton wakawateka njiani wakawapeleka kusini ya mpaka. Wenzao wa Woodsdale wakawafuata wakawaokoa.

Kusini ya mpaka kulikuwa na nini? Hapa pana jambo ambalo linawashangaza hata Wamarekani wengi. Texas, ili ibaki jimbo la utumwa, ilikubali mwaka 1850 mpaka wake wa kaskazini uwe nyuzi 36 na dakika 30. Kansas ilipokuja, mpaka wake wa kusini ukawekwa nyuzi 37. Katikati ukabaki ukanda wa maili 34 hivi kwa upana na 167 kwa urefu, usio wa jimbo lolote wala eneo lolote la utawala. Hapakuwa na mahakama wala ofisi ya ardhi. Watu waliuita ardhi isiyo ya mtu.

Mwaka 1888 ugomvi mpya ulikuwa kuhusu hatifungani za reli. Katika mkutano mmoja Sam Robinson, askari mkuu wa mji wa Hugoton, alimpiga ofisa wa upande wa Woodsdale, na hati ya kumkamata ikatolewa. Ed Short, askari mkuu wa Woodsdale, akawa anamvizia. Mwezi Julai akasikia Robinson amekwenda na familia za watu kutembea na kuvua samaki kule kwenye ukanda usio na mwenyewe. Akamfuata. Robinson akachukua farasi mwenye mbio akawaacha wenzake. Short akatuma ujumbe nyumbani aongezewe watu, na John Cross, sherifu (mkuu wa usalama wa kaunti), akatoka na vijana wanne. Hawakumpata Short. Usiku wa tarehe 25 Julai, wakiwa wamechoka na farasi wao wamechoka, walipiga kambi karibu na ziwa dogo la msimu liitwalo Wild Horse, kando ya wakata majani waliokuwa wakivuna nyasi za mifugo. Wakajilaza kwenye majani yale.

Robinson na watu wake waliwakuta hapo. Wakawanyang'anya silaha, kisha wakawapiga risasi mmoja mmoja: Cross, Ted Eaton, Bob Hubbard na Rolland Wilcox. Wa tano, kijana Herbert Tonney, risasi ilimpata shingoni. Alianguka akalala kama maiti wakati wauaji wakikagua kwa mwanga nani bado anapumua. Walipoondoka, akajikokota hadi kwa farasi wake.

Gavana alipeleka wanamgambo wa jimbo Stevens, lakini nani angehukumu? Kansas haikuwa na mamlaka pale, Texas vilevile. Mwaka 1889 bunge la Marekani likaliunganisha eneo lile na mahakama ya shirikisho iliyokaa Paris, mji wa Texas, mamia ya maili kutoka mahali pa mauaji. Baadhi ya watu wa Hugoton wakahukumiwa kunyongwa. Mwaka 1891 Mahakama Kuu ya Marekani ikatengua hukumu, na hakuna aliyenyongwa. Robinson hakuwa hata miongoni mwa washtakiwa wale, kwani alishatorokea Colorado na huko akafungwa kwa wizi. Tarehe 23 Juni mwaka huo huo wa 1891, Sam Wood alikwenda Hugoton kwenye shughuli ya mahakama, iliyokuwa ikikaa kanisani. Alipotoka nje, mtu aitwaye James Brennan akampiga risasi mbele ya mkewe. Brennan hakuwahi kuhukumiwa, kwa sababu katika kaunti nzima hapakupatikana raia wa kutosha wasio na upande wa kuketi kama jopo la kuamua kesi. Ukitaka kipimo cha namna mgogoro wa makao makuu ulivyoigawa jamii, mimi nakipata hapo.

Leoti na Coronado, kaunti ya Wichita, walimalizana mapema zaidi, Februari 1887: kundi la Leoti likaingia Coronado, risasi zikapigwa, watu watatu wa Leoti wakafa. Ajabu ni kwamba uchaguzi ulipofanyika, Leoti ndiyo iliyoshinda.

Utaona basi kwamba sheria haikukosekana. Kilichokosekana ni mwamuzi aliye karibu na asiye na kiwanja cha kuuza. Mhesabu kura alikuwa na kiwanja, mwenye gazeti hali kadhalika, na pengine sherifu pia. Gavana alikuwa Topeka, mji mkuu wa jimbo, mbali sana. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema yalikuwa mabaki ya uhuni wa mipakani. Waliofyatua risasi Cimarron walikodiwa. Waliowakodi walikuwa wafanyabiashara wenye hesabu zao vizuri mezani.

Umeuliza walioshindwa walikwenda wapi. Wengi walichukua nyumba zao wakaondoka nazo. Hilo silisemi kwa mafumbo, kwani nyumba zilikuwa za mbao, ziliinuliwa, zikawekwa juu ya magurudumu au magogo, zikakokotwa hadi mji ulioshinda. Coronado iliisha hivyo. Woodsdale nayo imetoweka, na makao makuu ya Stevens hadi leo ni Hugoton. Kaunti ya Gray ni kinyume cha unavyoweza kutarajia. Ingalls ilishika makao kwa muda, lakini Soule alikufa mwaka 1890, mfereji wake ukakauka, na mwaka 1893 wapiga kura wakayarudisha makao Cimarron, yalipo mpaka sasa.

Wengine hawakupata hata mshindi. Kaunti ya Garfield ilikuwa na Ravanna na Eminence. Ravanna ilishinda kura ya 1887 kwa tofauti ndogo, ikajenga jengo la mahakama la mawe. Eminence ikapinga mahakamani ikionyesha kura zilichezewa, ikapewa makao. Kisha mtu akakumbuka kuipima kaunti. Katiba ya Kansas inadai kaunti isipungue maili za mraba 432, na Garfield ilipungua kidogo tu. Mwaka 1893 kaunti nzima ikafutwa na kuunganishwa na Finney. Leo hakuna anayeishi katika miji ile kama miji, na mawe ya lile jengo la Ravanna yamebaki magofu kwenye malisho.

Na Ulysses, walionunua kura kwa dola 10? Walishinda. Ila ukame ulikuja, watu wakaondoka, na hatifungani zikabaki zikizaa riba juu ya wachache waliobaki. Deni lilikuwa la ardhi ya mji. Kwa hiyo mwaka 1909 waliuacha mji pale pale na deni lake, wakabeba majengo kwenda eneo jipya maili chache kutoka hapo. Hoteli ilikuwa kubwa mno kwa farasi kuikokota, wakaikata vipande vitatu.